Si Hanisi, ni Huntha: Mzizi Mmoja, Hukumu Mbalimbali

Majuma mawili yaliyopita nilijikuta nimekaa kwenye mkeka katika nyumba moja ya Makina, Kibera, nikisikiliza ndugu wawili wakigawana ploti ya marehemu baba yao. Sikuwa na shughuli pale. Nilikuwa nimeitwa na mdogo mtu, ambaye ni fundi wangu wa nguo kule Kawangware, karibu na steji ya 46. Aliniambia kwenye simu, "Mwalimu, wewe njoo tu ukae. Nikiwa peke yangu watanizungusha." Nikaenda.

Ploti yenyewe ni vyumba 12 vya mabati, mlango kwa mlango, vyote kodi moja. Baba alifariki mwaka jana, mama alimtangulia zamani. Hana mzazi wala mrithi mwingine. Deni lililipwa, wosia haukuwepo. Wamebaki wawili tu: kaka mtu, na huyu mdogo ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema jambo moja na mwili wake ukawa na maoni mengine. Habari za mwili wake sitazieleza hapa. Si zangu, na safu hii ni ya lugha.

Mazungumzo yalianza vizuri, kahawa ikapita, dua ikasomwa. Kisha kaka mtu akachoka kungoja. Akasema, "Sasa huyu hanisi anataka nini tena? Si alishanunuliwa cherehani na mzee?"

Sheikh aliyekuwa akiongoza kikao, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, alivua miwani. "Usimwite hivyo. Hanisi ni mtu mwingine kabisa. Huyu ni huntha. Ukitaja lile la kwanza umetukana. Ukitaja hili la pili, umetaja haki ya mtu, na mimi nalazimika kufungua kitabu."

Nimekuwa nikifundisha Kiswahili kwa miaka mingi na sijawahi kusikia somo la semantiki fupi kuliko hilo. Ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Tuanze na maneno yenyewe. Huntha na hanisi (wengine hutamka hanithi, na hiyo ndiyo sauti ya asili) ni ndugu wa damu. Yote mawili yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, kha, nun na tha, ambao maana yake ya msingi ni kupinda, kulegea, kukunjika. Wataalamu wa kamusi za Kiarabu hupenda kutoa mfano wa kiriba cha maji: ukikunja mdomo wa kiriba kwa nje ili unywe moja kwa moja, kitendo hicho hutajwa kwa mzizi huohuo, na ipo hadithi ya Mtume Muhammad (SAW) inayokataza kunywa namna hiyo. Kutoka kwenye kukunjika kwa ngozi ya kiriba, lugha ikapita hadi kwenye kulegea kwa sauti na mwendo wa mtu, kisha ikafika kwenye mwili usiosimama wazi upande wa kiume wala wa kike.

Kiarabu chenyewe kiliyatenganisha maneno haya kwa uangalifu. Khuntha ni aliyezaliwa na viungo vinavyochanganya, au asiye na kiungo kinachomtambulisha. Mukhannath ni mwanamume ambaye mwili wake hauna utata ila mwenendo, sauti au mavazi yake yanafanana na ya wanawake. Khanith nalo ni neno la mtaani zaidi. Mwanaanthropolojia Unni Wikan alilikuta likitumika katika mji wa Sohar, Omani, akaandika makala mashuhuri mwaka 1977 kuhusu watu walioitwa hivyo: wanaume waliovaa mavazi yao ya namna ya katikati, wakakaa na wanawake na kuimba nao arusini. Uhusiano wa Omani na pwani yetu ni wa karne nyingi, kwa hiyo isimshangaze mtu kwamba neno hilo nasi tunalo.

Lakini lilipofika kwetu lilibadilika. Kwa Waswahili wengi hanisi ni mwanamume asiye na nguvu za kiume. Kwa wengine ni tusi la jumla linalotupwa kwa yeyote anayedhaniwa si mwanamume wa kutosha. Huntha lilibaki kwenye vitabu na midomo ya mashehe, mpaka miaka ya karibuni magazeti ya Kenya yalipolifufua kwa sababu mahakama zililazimisha. Hapa katikati watu wa kawaida walibaki na neno moja la matusi kwa hali tatu tofauti. Hayo ndiyo yaliyotokea pale mkekani. Kaka mtu hakuwa na neno jingine. Simtetei, nasema tu kwamba kapu lake la msamiati lilikuwa na kisu peke yake.

Kuna wanaopenda kusema "mtu wa jinsia mbili". Mimi silipendi. Linampa msikilizaji picha ya mtu mwenye vitu viwili kamili, jambo ambalo kwa watu wengi wa hali hii si kweli hata kidogo. "Jinsia tata" ni afadhali, na nitaeleza kwa nini. Wanazuoni wa fiqhi humgawa huntha katika makundi mawili: yule ambaye alama zake zimeelemea upande mmoja, na yule ambaye alama zimegoma kusema. Huyu wa pili huitwa huntha mushkil. Msomaji wa pwani ameshalitambua neno hilo: ndiyo mushkili au mushkeli yetu, ile ya "hakuna mushkili". Mushkil ni tata. Kwa hiyo aliyeanza kuandika "jinsia tata" magazetini, awe alijua au hakujua, alitafsiri istilahi ya fiqhi yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Umri huo si wa kutia chumvi. Masimulizi ya Kiarabu yanasema swali hili liliwahi kumfikia Amir bin al-Zarib, mwamuzi wa makabila kabla ya Uislamu, akakosa usingizi usiku kucha kwa sababu hakujua ampe mrithi wa namna hiyo fungu gani. Aliyemwokoa alikuwa kijakazi wake aliyechunga mifugo, aliyemwambia afuate njia ya mkojo. Asubuhi akahukumu hivyo. Uislamu ulipokuja kipimo hicho kikabaki, na hunasibishwa pia na Sayyidna Ali. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya huyo kijakazi. Mafaqihi wakubwa walijenga sura nzima za vitabu juu ya jibu lake, As-Sarakhsi wa madhehebu ya Hanafi akiwa mmojawapo.

Kipimo chenyewe kilikwenda hivi. Kabla ya balehe huangaliwa haja ndogo inatoka wapi. Ikitoka pande zote mbili, huangaliwa inaanza wapi. Wapo waliosema hata wingi wake uangaliwe, na inasimuliwa kwamba Imamu Abu Hanifa aliwakejeli kwa kuwauliza kama wamewahi kumwona kadhi akipima mkojo kwa vipimo vya sokoni. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye, na kejeli ikahifadhiwa pamoja na hitilafu. Baada ya balehe alama nyingine huingia: hedhi, mimba, manii. Ndevu na matiti yana ubishi, wengine huyahesabu, lakini kwa Mashafii kauli yenye nguvu ni kwamba hayatoshi.

Alama zote zikinyamaza, Mashafii wana hatua ya mwisho ambayo sikuitarajia. Humuuliza mwenyewe. Huntha aliyebaleghe mwenye akili timamu huulizwa tabia yake inaelekea wapi, kwa wanaume au kwa wanawake, na neno lake hukubaliwa kwa sababu hilo ni jambo la ndani ambalo hakuna shahidi mwingine awezaye kulijua. Ila likishatoka halirudi. Akisema leo kwamba yeye ni mwanamume, hawezi kuja kesho kusema vingine, isipokuwa mwili wenyewe umkanushe, kwa mfano akishika mimba.

Sheikh wa Makina alipofika hapo alimgeukia fundi wangu. Chumba kikawa kimya. Kaka mtu akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia, "Hapo si atasema tu mwanaume ndiyo apate vyumba."

Mdogo mtu akanywa kahawa yake kwanza. Kisha akajibu, "Sheikh, mimi naelekea kwa Mungu na kwa cherehani yangu. Hilo lingine nipe muda."

"Chukua," sheikh akasema. "Mafungu hayaozi."

Sasa tuje kwenye mafungu, maana hapa ndipo fiqhi inapoacha nadharia na kuhesabu milango ya mabati. Kanuni ya Kurani katika Sura ya Nisaa inajulikana: mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kama mdogo huyu ni mwanamke, kaka atachukua vyumba 8 naye 4. Kama ni mwanamume, ni 6 kwa 6. Sasa ikiwa haijulikani?

Mahanafi humpa huntha mushkil lile fungu dogo kati ya mawili, ambalo mara nyingi, ingawa si kila mara, ndilo la kike. Hoja yao ni kwamba mali haitolewi kwa shaka. Basi 4 kwa 8, kikao kimefungwa. Wamaliki huchukua nusu ya fungu la kiume na nusu ya fungu la kike: nusu ya 6 ni 3, nusu ya 4 ni 2, jumla 5, na kaka abaki na 7. Mahanbali hugawa kwa hali: kama bado kuna matumaini ya mambo kubainika husubiri, kama hakuna hufuata njia inayofanana na ya Wamaliki.

Mashafii, ambao ndio wengi zaidi katika pwani yetu na Waislamu wengi wa Kenya wamesomea kwao, hufanya jambo ambalo mwanzoni lilinionekea la ukaidi. Kila mmoja hupewa kile tu ambacho hakina shaka. Hata iweje, kaka hatapata chini ya vyumba 6. Hata iweje, mdogo hatapata chini ya 4. Hivyo hupewa 6 na 4 wakaondoka. Vyumba 2 vilivyobaki husimamishwa, si vya huyu wala vya yule, mpaka hali ibainike au ndugu wenyewe wasuluhiane. Nikiwa njiani kurudi Kawangware nilibadilisha mawazo. Huo si ukaidi. Hiyo ni sheria inayokiri, kwa vyumba na kodi, kwamba haijui.

Kuna mambo mengine ambayo vitabu vimeyafuatilia kwa undani kuliko mirathi. Swala, kwa mfano. Huntha mushkil husimama nyuma ya safu za wanaume na watoto wa kiume, mbele ya safu za wanawake. Hawi imamu wa wanaume, ila anaweza kuwaongoza wanawake. Akifa na hana maharimu wa kumwosha, Mahanafi husema atayamamishwe, na Mashafii wa baadaye huruhusu aoshwe na mwanamume au mwanamke juu ya nguo, macho yakiwa yameinamishwa. Sanda yake ni vitambaa vitano kama ya mwanamke, kwa tahadhari. Mtu akisoma kurasa hizi kwa haraka anaweza kuzicheka. Fundi wangu hakucheka. Aliniambia kwamba alipokuwa na miaka 16 aliacha kwenda msikitini si kwa kukosa imani bali kwa sababu ya mlango. "Kuna mlango wa wanaume na kuna ule wa wanawake, Mwalimu. Mimi nipitie dirishani?" Na alipohubiriwa pale mkekani juu ya ile safu ya katikati, macho yake yalilowa. Hakuwahi kuambiwa kwamba kitabu kilimwekea mahali pa kusimama.

Tatizo ni kwamba vitabu hivyo vilifikiria msikiti wa chumba kimoja. Misikiti yetu ya mjini wanawake wako ghorofani, au nyuma ya pazia, au jengo jingine. Katikati hakuna. Ngazi tu.

Ningependa kuishia kwa huntha, kwa sababu hapo fiqhi imejaa huruma na hesabu. Lakini msomaji ataniuliza, na ana haki: je, na yule ambaye mwili wake hauna utata, ila anasema yeye si yule anayeonekana? Huyo ambaye sasa tunaandika "aliyebadili jinsia"? Hapo wanazuoni wengi hubadilisha neno, wakaacha huntha wakashika mukhannath, na kwa neno hilo hukumu nayo hubadilika.

Zipo hadithi sahihi ambamo Mtume (SAW) aliwalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Ipo pia habari ya mukhannath wa Madina, anayetajwa kwa jina la Hit, aliyekuwa akiingia nyumbani kwa wakeze Mtume bila pingamizi, kwa kuwa alihesabiwa miongoni mwa wanaume wasio na haja na wanawake. Alizuiwa siku aliposikika akimsifia mwanamume mwingine umbo la mwanamke fulani. Kuna mwingine aliyepaka hina mikononi na miguuni, akahamishwa nje ya mji. Maswahaba walipouliza kama auawe, Mtume alikataa, akieleza kuwa amekatazwa kuwaua wanaoswali. Imamu An-Nawawi, bingwa wa Mashafii aliyefariki karne ya 13, alizipatanisha habari hizi kwa kutofautisha aliyeumbwa na maumbile hayo na anayejifanya. Wa kwanza hana lawama wala dhambi kwa sababu hakuchagua. Lawama ni ya wa pili.

Nadhani tofauti hiyo ya An-Nawawi ingestahili kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana Kibera na Kawangware, ambako vijana wa namna hiyo hupigwa kabla hata hawajaulizwa lolote. Lakini nisimpake An-Nawawi rangi isiyo yake. Yeye alizungumzia sauti, mwendo na tabia. Hakuwa na habari za upasuaji.

Upasuaji ulikuja na fatwa zake. Mwaka 1988 mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Al-Azhar, Misri, alifanyiwa upasuaji wa kuwa mwanamke na akachukua jina la Sally. Nchi ikawaka. Mufti wa Misri wakati huo, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alitoa fatwa mwezi Juni mwaka huo: operesheni inafaa iwapo inafichua maumbile ya kike au ya kiume yaliyofichika, na haifai ikiwa ni matakwa tu ya kubadilika. Kilichofuata ni cha kusikitisha na cha kuchekesha pamoja. Waliomuunga mkono Sally walishangilia fatwa, na waliompinga pia walishangilia. Kila upande ulipata sentensi yake. Mwaka uliofuata, 1989, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka liliweka mpaka ulio wazi zaidi: aliyekamilika uume au uke haruhusiwi kubadilishwa, kwa kuwa ni kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Mwenye alama zilizochanganyika anaruhusiwa kutibiwa, na hayo si kubadilisha bali ni kuponya. Malaysia ilikuwa imeshatoa fatwa ya mwelekeo huo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huo ndio msimamo unaotawala miongoni mwa Masuni.

Kwa Mashia wa Iran mambo ni tofauti. Ayatollah Khomeini aliandika tangu miaka ya 1960, akiwa uhamishoni, kwamba upasuaji huo si haramu. Katika miaka ya 1980 mtu aliyeitwa Maryam Khatoon Molkara alimwendea mwenyewe, akatoka na fatwa iliyomruhusu. Huko serikali hutoa nyaraka mpya baada ya kisu. Wakosoaji husema, na naona wana hoja, kwamba mlango huo ni mwembamba: anayekataa kisu hana pa kupita.

Pakistan nayo ilipitisha sheria mwaka 2018 iliyompa mtu haki ya kutambuliwa kwa jinsia anayojihisi. Mwezi Mei mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Sharia ya nchi hiyo ikavibatilisha vifungu vyake vikuu, kikiwamo cha mirathi. Nilisoma habari hiyo nikamkumbuka kaka mtu na vyumba vyake. Hofu ilikuwa ileile: kwamba mtu atatamka neno ili apate mali.

Na Kenya je? Sheria yetu ya kilimwengu imekwenda kwa hatua za kinyonga. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimkatalia mfungwa aliyetambulishwa kwa herufi R.M. ombi la kutambua jinsia ya tatu, ila ikaamuru alipwe shilingi 500,000 kwa udhalilishaji aliofanyiwa gerezani. Mwaka 2014 Jaji Isaac Lenaola aliamua kesi ya Mtoto A, ambaye hati zake za hospitali zilikuwa na alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Alama ya kuuliza! Sijui ni karani gani aliyeiandika, lakini Mwarabu wa karne ya nane angemwambia neno lipo, ni mushkil. Mwaka huohuo Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ilimpa mfungwa huntha haki ya kuchagua atapekuliwa na mtu wa jinsia gani, na mahakama ikaamuru Baraza la Mitihani limtolee Audrey Mbugua, aliyebadili jinsia, cheti kisicho na alama ya jinsia. Sensa ya 2019 ilihesabu mahuntha 1,524 kati ya Wakenya zaidi ya milioni 47, hesabu ambayo kila mtu anajua ni ndogo, kwa sababu ni nani atakayemwambia karani wa sensa mlangoni huku jirani amesimama? Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imemtaja mtoto huntha na kukataza asikatwe viungo bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyogawa vyumba vya Makina. Kifungu cha 170 cha Katiba kinazipa Mahakama za Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Mdogo mtu angeweza kukataa na kwenda Mahakama Kuu. Nilimuuliza kwa nini hakufanya hivyo, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwao. "Baba alikuwa Mwislamu. Na huko kotini wataanza kuniuliza mambo mengi kuliko sheikh."

Turudi kwenye lugha kabla karatasi haijaisha. Kiswahili kina neema moja ambayo Kiarabu hakina. Mafaqihi walipoandika juu ya huntha walilazimika kumtaja kwa kiwakilishi cha kiume, maana sarufi yao haina njia ya tatu, na wengine walijisumbua kueleza kwa nini. Sisi ngeli ya A-WA haijali. Amekuja, amekaa, amepewa. Msomaji makini ameona kwamba nimeandika makala mazima juu ya fundi wangu bila sarufi kunilazimisha hata mara moja niseme yeye ni nani. "Ndugu" halisemi. "Mdogo wangu" halisemi. "Mwana" halisemi. Tunapokwama ni kwenye bin na binti, kaka na dada, na kwenye fomu.

Tulikwama hapohapo. Mwisho wa kikao sheikh alichukua karatasi aandike makubaliano. Akaandika jina la marehemu, jina la kaka bin fulani, kisha kalamu ikasimama. Akamtazama mdogo. Mdogo akamtazama kaka yake. Na yule aliyesema hanisi saa mbili kabla akasema, bila kuinua kichwa, "Andika mwana wa."

Sheikh akaandika. Vyumba namba 1 hadi 6 kwa mkubwa, 7 hadi 10 kwa mdogo. Kodi ya namba 11 na 12 inakusanywa kila tarehe 5 na kuwekwa kwake, kwenye daftari la jalada la kijani, chini ya kichwa alichokiandika kwa Kiswahili: haijabainika.